Wimbo Una Mwenyewe

Wajukuu zangu wa Chimala, hasa ninyi wa bodaboda na wa mashine za kukoboa mpunga mnaoshinda na spika zinalia tangu asubuhi, leo nina neno nanyi. Nyimbo za zamani mnazipenda, nimewaona. Ikilia rumba ya miaka ya sitini, hata aliyezaliwa juzi anatikisa kichwa. Lakini nikiwauliza anayeimba ni nani, jibu ni moja: "Babu, hizi ni zilipendwa tu." Mkifungua flashi, pale kwenye jina la wimbo pameandikwa Track 07. Linaniuma jambo hilo, wala sitalificha.

Mmoja wa hao mnaowaita zilipendwa ni Salum Abdallah Yazidu, ambaye mashabiki wake walimwita SAY kwa herufi za mwanzo za majina yake. Alizaliwa mwaka 1928, mtu wa Morogoro. Mwaka 1948, kijana wa miaka ishirini, alianzisha bendi iliyoitwa La Paloma, na kutoka hapo ikaja Cuban Marimba. Msidhani ni habari za mbali. Lami hii inayopita mbele ya maduka yetu ndiyo inayokwenda Igawa, Makambako, Iringa, Mikumi, mpaka Morogoro. Kila basi la Mbeya linaloshusha abiria hapa na kuelekea Dar es Salaam linapita mji wake.

Enzi zile santuri za Cuba zilikuwa zinaletwa Afrika na kampuni ya Uingereza, zikiwa na alama ya GV. Vijana wa mijini walizisikia, na wengi waliishia kuigiza maneno ya Kihispania wasiyoyaelewa. Salum aliyachukua mapigo yale akayatia Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wanaopendana, wanaogombana na kusameheana, mpaka mtu asiyejua Cuba iko upande gani akaona wimbo unamsema yeye na mkewe. Wakati huo vijana wa Uingereza na Marekani walikuwa wanalilia roki yao. Wetu walikuwa na dansi yao, iliyotengenezwa hapa hapa na watoto wa hapa.

Ninyi mnaorekodi studio za Mbeya, sikilizeni vizuri hapo. Amapiano ya Afrika Kusini chukueni, na midundo ya Nigeria chukueni, hakuna aliyewakataza. Ila mkishachukua, tuimbieni sisi. Mbona sijasikia wimbo wa kijana wa hapa kwetu Usangu aliyelima mpunga, mvua ikamkimbia, na mahari anadaiwa? Hayo ndiyo maisha yenu, na hakuna mtu wa Lagos atakayewaimbia.

Morogoro ilikuwa na bendi nyingine kubwa, Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, na mashabiki wa pande mbili walishindana kwelikweli. Huko ndiko alikokuja kung'ara Mbaraka Mwinshehe. Jina la Mbaraka mnalijua, na anastahili. Lakini Salum alitangulia, na mimi naona tumemdhulumu kwa kumwacha nyuma kiasi hiki. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, hajafika miaka arobaini. Mbaraka naye aliondoka kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Mji mmoja, waimbaji wawili, wote barabara imewachukua. Ninyi mnaopakia watu wawili nyuma na kuchomoka mbele ya malori ya Zambia, vaeni kofia ngumu, na usiku punguzeni mwendo. Nalisema hili kwa kuwa nawapenda.

Salum alipokufa, bendi haikufa. Juma Kilaza aliishika Cuban Marimba na kuiendeleza miaka mingi. Mwenye kipaji akikumbatia kila kitu peke yake, siku akiondoka panabaki ukiwa. Mkiwa na kikundi, wa pili na wa tatu nao wapeni nafasi ya kuimba mbele ya watu mngali wote pamoja.

Sisi majina tuliyajuaje? Nilikuwa mvulana. Redio ya betri ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na betri zikichoka tulizianika juani zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Mtangazaji alitaja bendi na jina la wimbo, ndipo wimbo ukaingia. Aliyekuwa na gramafoni alituonyesha santuri yenyewe: katikati pana karatasi ya duara, imeandikwa bendi, wimbo na kampuni. Za Salum nyingine zilitoka kwa lebo ya Mzuri ya Mombasa. Wimbo ulikuwa hauachani na jina lake. Ulipohamia kwenye kaseti, kisha CD za kuchoma, kisha flashi, jina likadondoka njiani, na hakuna aliyerudi kuliokota.

Waliorudi ni watu wa mbali. Mwaka 2000 kampuni ya Retroafric ya London ilitoa CD ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, Ngoma Iko Huku, yenye nyimbo za 1955 hadi 1965. Nawashukuru sana. Lakini ni aibu kwetu kwamba mtu wa London asome jina la mwimbaji wa Morogoro na mtu wa Chimala asilijue.

Na msiishie Morogoro. Iringa hapo palikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyotikisa miaka ya themanini kwa sauti za mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mkisafiri kwenda Dar es Salaam mnapita Ipogolo, hapo hapo Iringa; nani kati yenu anawajua?

Basi nawaomba hivi. Simu mnazo. Mwendeeni mzee au bibi aliye karibu, mpigieni wimbo, mwulizeni ni wa nani na aliusikia wapi, mrekodini akijibu. Akiwa na santuri chini ya kitanda, msimwache aiuze kwa bei ya soda. Na wewe unayewaingizia wenzako nyimbo kwenye flashi pale stendi, kabla ya kuchukua hela yao futa hiyo Track 07, uandike: Salum Abdallah na Cuban Marimba, Morogoro.