Tangazo la Asubuhi na Deni la Wanaolisikia

Shule ya bweni na kutwa ina watu wa aina mbili chini ya kengele moja. Wa bweni huamka gizani, wakaoga maji ya baridi, wakaenda kusali na kujisomea kabla jua halijachomoza. Wa kutwa hufika na vumbi la njia kwenye viatu, na baadhi yao wameshachota maji na kumwandaa mdogo wao. Kisha wote husimama mstarini kwa sare moja, na mwalimu wa zamu husoma matangazo: nani ameshinda mdahalo, bweni gani limeongoza kwa usafi, nani amelazwa, nani amefiwa. Ni dakika chache tu, lakini naamini ndizo zinazoamua kama mahali hapo ni jumuiya au ni majengo ya kufundishia.

Kukaa pamoja peke yake hakutoshi. Watu mia wanaweza kulala bweni moja na kula maharage ya sufuria moja, na bado kila mmoja akabaki na mzigo wake. Wanakuwa wamoja pale ambapo jambo la mmoja likitajwa, mwenzake anajiuliza: mimi nifanye nini? Mwanafunzi wa kidato cha pili akifiwa na baba, habari hiyo inamdai anayekaa naye dawati amnakilie notisi za siku atakazokosa. Inamdai kiranja ampangie mwingine zamu ya kufagia. Inawadai wote rambirambi, hata kama ni shilingi mia moja kila mtu. Tukisikia na kutawanyika bila kujiona tunadaiwa, tumejua jambo, lakini hatujawa ndugu.

Kanisa limelielewa hili kwa namna yake. Katika Misa, matangazo huja baada ya sala ya baada ya komunyo, kabla tu ya baraka na kuagwa. Nafasi hiyo ina maana. Waamini huambiwa nani anakusudia kufunga ndoa, nani mgonjwa, kazi gani ya parokia inangoja mikono, kisha hutumwa kwenda duniani. Habari inatangulia safari. Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyewalea vijana wafanyakazi, aliwafundisha hatua tatu: ona, amua, tenda. Papa Yohane XXIII alizipendekeza katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, na wanafunzi wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania, katika shule zetu wanazitamka hadi leo. Tangazo la asubuhi ni hatua ya kwanza tu kati ya hizo. Shule inayoishia hapo imeona, haijaamua wala kutenda.

Hapa ndipo mchanganyiko wa bweni na kutwa unapokuwa neema. Mwanafunzi wa bweni anajua habari za usiku: nani hali chakula, nani analia taa zikizimwa, nani hajapata mgeni tangu muhula uanze. Mwanafunzi wa kutwa anajua habari za nje: bei ya mahindi imepanda, kisima cha mtaa kimekauka, bibi wa jirani amebaki peke yake. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliazimia kujenga Kanisa la kanda hii juu ya jumuiya ndogondogo, ambamo majirani wachache husoma Injili na kuulizana hali. Wengi wa wanafunzi wa kutwa Wakatoliki wanatoka katika nyumba zilizozoea mikutano hiyo. Wanayo mengi ya kuifundisha shule kuhusu kumjali jirani, iwapo shule itaacha kuwaona kama wapita njia kwa sababu tu hawapo kwenye rozari ya jioni.

Lango la shule halikuwekwa ili kuzuia habari za nchi. Baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Chama cha TANU kilipozaliwa Julai 7, 1954, Nyerere, rais wake, alikuwa bado mwalimu wa shule hiyo ya bweni. Mwaka uliofuata ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa, naye akaacha chaki. Miaka 12 baadaye, katika waraka wake Elimu ya Kujitegemea, alionya juu ya shule inayomtenga kijana na jamii iliyomlea. Onyo hilo bado linatuhusu, kwa maana ukuta wa bweni unaweza kumlinda mtoto, na unaweza pia kumsahaulisha alikotoka.

Hata hivyo, ziko habari zinazobomoa. Kusoma hadharani majina ya wasiolipa ada ni kumwaibisha mtoto kwa umaskini asiouchagua. Jambo hilo ni la mzazi na ofisi ya mhasibu. Kupanga watoto kwa nafasi za mtihani na kuifanya hiyo kuwa habari kuu ya mwaka kunawafundisha kwamba mwenzao ni mpinzani. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza orodha ya shule bora pamoja na matokeo ya kidato cha nne. Naiona kuwa nafasi ya shule kujiuliza ina habari gani nyingine ya kujivunia.

Lakini ukimya nao si dawa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mtoto anayeumia kimya anahitaji mtu wa kumwambia: matroni, padre, sista, rafiki. Hekima ni kujua lipi litamkwe mstarini na lipi libaki kwa wawili. Kipimo ni chepesi: je, tangazo hili litamletea mhusika msaada au macho ya watu tu?

Kipimo hicho kinawahusu pia wanafunzi Waislamu, ambao wako katika shule nyingi za Kikatoliki. Ramadhani ikianza, hilo ni tangazo la shule nzima, na linamdai mpishi, mwalimu wa michezo na jirani wa kitanda. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulifundisha mwaka 1965 kwamba shule ya Kikatoliki hutambulika kwa mazingira ya kijumuiya yenye roho ya uhuru na upendo. Asiyejaliwa funga yake bado hajaonja upendo huo.

Walimu wakuu, yapeni matangazo heshima yake. Wapeni wanafunzi wa kutwa zamu ya kusoma habari za mtaani, na wa bweni nafasi ya kuzitendea kazi. Wazazi, mtoto akirudi likizo msianze na nafasi aliyoshika. Mwulizeni ni nani shuleni kwao aliyekuwa na shida, na yeye alimfanyia nini.