Gunia na Bunduki

Je, yafaa mkristu aweke akiba ya chakula kwa siku ya taabu? Yafaa. Je, yafaa awe na silaha ya kujilinda? Walimu wengi wa Kanisa wasema yaweza kufaa. Basi akinunua vyote viwili siku moja, gunia kwa mkono huu na bunduki kwa mkono huu, kusudi bunduki ilinde gunia, je, yafaa bado? Wengi watajibu upesi ya kwamba mambo mawili yaliyo halali hayawezi kuzaa moja baya. Sisi twaona swali si jepesi namna hiyo. Wala si swali la kubuni. Liliulizwa Marekani mwaka 1961, na mmoja wa waliolijibu kwa nguvu alikuwa padri.

Tusimulie kwanza mambo yalivyokuwa. Mwaka ule Wamarekani na Warusi walikuwa wakigombana juu ya mji wa Berlin. Tarehe 25 Julai Rais Kennedy alisema na watu wake kwa televisheni, akaomba feza za kutengeneza mahali pa kujikinga na vumbi la sumu la bomu la atomu. Tarehe 13 Agosti ukuta ukaanza kujengwa kati ya Berlin. Hofu ikaingia majumbani. Wengine walichimba handaki chini ya nyumba au katika bustani, wakaweka humo vyakula vya makopo, maji, taa na dawa vya kutosha majuma mawili, kwani walikuwa wameelezwa ya kwamba nguvu ya sumu ile hupungua sana katika siku zile. Wengi zaidi hawakuchimba kitu: huyu hana feza, huyu amepanga nyumba ya mtu mwingine, na huyu ni mvivu tu.

Ndipo aliyechimba akaanza kuwaza usiku. Siku ya bomu jirani asiyechimba atakuja kubisha, pamoja na mke wake na watoto wake. Handaki lina hewa na maji ya watu watano. Wakiingia kumi, pengine watakufa wote kumi. Magazeti ya mwaka ule yalisimulia habari za mtu wa Austin, katika Texas, aliyeweka bunduki nne na bastola ndani ya handaki lake. Na habari za mwingine wa kando ya Chicago, aliyekusudia kufunga mlangoni bunduki ya kupiga risasi mfululizo, ili majirani wasiingie. Hawa hawakuwa wanyang'anyi. Walikuwa baba wa jamaa.

Padri L. C. McHugh, Mjesuiti, alikuwa mmoja wa watengenezaji wa gazeti la wakatoliki liitwalo America. Katika toleo la tarehe 30 Septemba 1961 aliandika juu ya haki na wajibu wa mtu mlangoni pa handaki. Maneno yake kwa kifupi ni haya: Kristu alipotufundisha tusishindane na mwovu hakuifuta haki ya kujilinda ambayo mtu ameipata kwa maumbile. Handaki lililojengwa kwa ajili ya jamaa ni la jamaa hiyo kwanza. Jamaa ikiisha kuingia, mwenye kuvunja mlango ni mshambulizi asiye na haki, na yaruhusiwa kumzuia kwa njia yo yote itakayofaa kumzuia. Makala ile ilibishaniwa katika nchi nzima. Angus Dun, Askofu wa Waepiskopali katika Washington, alisema kinyume: kila jamaa kujiangalia peke yake namna ile ni jambo baya lisilo haki.

Tusimdharau Padri McHugh. Aliwafikiri watoto waliolala ndani, na baba aliyepewa na Mungu kazi ya kuwalinda. Hata Mtakatifu Tomaso wa Akwino yuko upande wake, kwa kadiri fulani. Yeye afundisha ya kwamba tendo la kujilinda laweza kuwa na matokeo mawili: kuokoka kwa huyu na kufa kwa yule, na mtu aweza kulitenda, mradi akusudie kuokoka wala asikusudie kuua, tena asitumie nguvu kupita inayohitajiwa. Mtakatifu Ambrosi, miaka mia tisa hivi kabla yake, alikuwa mkali zaidi. Hakupenda mkristu aliyeshikwa na mnyang'anyi ampige ili kuiokoa nafsi yake mwenyewe, asije akaujeruhi upendo. Watakatifu nao, kama mwonavyo, hawakusema kwa sauti moja. Lakini mchukue baba yule katika saa yenyewe, shoka likipiga mlango, watoto wakilia nyuma yake: sisi hatuthubutu kusema ametenda dhambi.

Neno letu ni jingine. Lile neno “mlangoni” lahadaa. Mtu akianza kuulizwa juu ya haki akiwa mlangoni, mambo yote yamekwisha kukatwa zamani. Alipopima shimo alipima la watu watano. Alipohesabu makopo alihesabu ya watu watano. Alipokwenda kwa mwuza bunduki, jirani alikuwa katika hesabu yake kwa mara ya kwanza, na aliingia kama adui. Mtakatifu Tomaso anena juu ya mtu aliyeshambuliwa. Hanenei mtu aketiye mezani wakati wa amani, akinywa kahawa, akichagua nani atakuwa mshambulizi wake, na huku huyo mshambulizi jana tu amemwazima ngazi ya kupandia darini. Kutokusudia kuua kwawezekana kwa mtu aliyeshtushwa usiku. Kwa mtu aliyepanga tangu Agosti, kwazidi kuwa kugumu.

Mwenye bunduki atatujibu: “Mwanikosea. Mimi sikuinunua juu ya jirani, niliinunua juu ya wezi.” Yafaa tumsikilize, maana wenzake ni wengi. Katika sehemu nyingi za Marekani nyumba zi mbali mbali, na mwenye kuita polisi aweza kungoja sana. Yuko mama akaaye peke yake. Wako wawindaji. Tena haki ya kuwa na silaha imeandikwa katika Katiba yao tangu mwaka 1791, na watu wameizoea kama sisi tulivyozoea panga. Hesabu moja ya wachunguzi iliyotolewa mwaka 2018 ilikisia ya kwamba raia wa nchi ile walikuwa na bunduki milioni 393, yaani kupita idadi ya watu wenyewe. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, polisi ya FBI iliulizwa zaidi ya mara milioni 39 juu ya watu waliotaka silaha. Kila ulizo si bunduki moja iliyouzwa, lakini hapo mbele maulizo hayajapata kuwa mengi hivyo kwa mwaka mmoja. Katika majuma yale yale watu walimaliza madukani mchele, maharagwe, na hata karatasi za chooni (hapo nasi twaweza kucheka kidogo, kwani mtu mwenye njaa hana haja nazo sana).

Zaidi ya hapo tusicheke. Wasomaji wetu wenye umri wakumbuka uporaji wa mwaka 1991, ulioanza Kinshasa mwezi wa Septemba na kuenea katika miji mingine. Waliouanzisha walikuwa askari. Kwetu bunduki haikulinda ghala, ilifungua ghala. Basi hofu ya mtu wa Marekani twaijua, ingawa tuliipata kwa upande mwingine wa bunduki.

Lakini tutazame lililotokea huko huko kwao siku mlango ulipobishwa kweli. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iliyoitwa Katrina ilipiga Louisiana, kingo za maji zikabomoka, na sehemu kubwa ya mji wa New Orleans, kama nane kwa kumi, ikafunikwa na maji. Ng'ambo ya mto Mississippi mtaa wa Algiers Point ulibaki mkavu. Baadhi ya wenyeji walifunga njia kwa miti na mbao, wakasimama na bunduki, kusudi wezi wasipite. Tarehe 1 Septemba vijana watatu weusi walipita hapo kwa miguu. Walikuwa wakienda kwenye kivuko cha mto, mahali watu walipochukuliwa kupelekwa nje ya mji. Mwenyeji mmoja mzungu aliwapiga risasi akawajeruhi. Mwaka 2018 alikiri kosa mbele ya hakimu, na mwaka 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka kumi.

Tukae kidogo juu ya habari hii. Mtu yule alisema moyoni, kama wote wasemavyo, kwamba analinda nyumba yake juu ya wezi. Wezi alikuwa akiwangoja kabla hawajaja. Kisha wakaja watu, na kwa kuwa alikuwa akingoja wezi, aliona wezi. Rangi ya ngozi yao ilimmalizia kazi ya kufikiri. Hofu iliyoshika silaha haiulizi sana majina. Na siku zile zile, katika maji yale yale, watu wengine wa Louisiana walikokota mashua zao za kuvulia samaki nyuma ya magari, wakapita katika njia zilizogeuka mito, wakiwatoa watu madarini. Hao nao walijiweka tayari; mashua, mafuta na kamba havikuokotwa njiani. Nao hawakujua wanaowatoa ni akina nani.

Liko na jambo jingine ambalo mwenye kununua bunduki dukani haelezwi sana. Mwaka 2020 watu 45,222 walikufa kwa bunduki katika Marekani. Kati yao waliouawa na wenzao ni 19,384. Waliojiua wenyewe ni 24,292. Hesabu hii twaiandika kwa uzito, kwani kila mmoja wao ana mama. Yatuonyesha ya kwamba silaha iwekwayo ndani kwa ajili ya mgeni wa usiku mara nyingi hufikia mtu aliye ndani tayari: kijana aliyekata tamaa, mume aliyefukuzwa kazi, mzee mgonjwa. Baba aliyehesabu hatari zote za nje hakuihesabu huzuni ya mwanawe. Na siku za taabu, chakula kikipungua na milango ikifungwa, huzuni haipungui.

Sasa twende kwenye gunia, maana wako wakristu wadhanio ya kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Hapana. Yosefu katika Misri aliweka sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na Maandiko yamsifu. Tena aliwafungulia ghala hata kaka zake waliomwuza. (Ni kweli pia ya kwamba aliiuza nafaka ile, hata Wamisri wakaishiwa na ng'ombe na mashamba, Kitabu hakifichi, nasi tusifiche.) Yule tajiri mpumbavu wa Injili naye aliweka ghala, naye alilaumiwa. Tofauti yao ni nini? Tajiri alisema na nafsi yake peke yake. Katika maneno yake yote hamna mtu wa pili. Mtakatifu Basili, katika njaa iliyowapata watu wa Kaisarea karibu na mwaka 369, aliwafundisha wenye nafaka ya kwamba mkate unaouzuia ni mali ya mwenye njaa. Hakuwaambia wasivune wala wasiweke. Aliwaambia wafungue.

Hata leo, Wamormoni wa Marekani, ambao imani yao si yetu, huwashauri watu wao kila nyumba iwe na akiba ya miezi. Lakini pia wana ghala za pamoja, ambamo maskini hupewa chakula. Mzigo wa akiba wameugawa, na mlango mmoja wameuacha upande wa maskini. Jambo hilo latufundisha kupita mabishano mengi ya mlangoni. Mtu mwenye ghala peke yake katika mtaa wenye njaa hana budi kuogopa, hata akiwa na bunduki kumi, kwani lazima alale. Mitaa ambayo kila nyumba ina kidogo haina mengi ya kuibiana.

Basi, tufanye hesabu pamoja na baba yule asimamaye dukani. Wenye kazi ya kusaidia watu katika maafa huko Marekani hushauri nyumba iwe na chakula cha majuma mawili. Tuseme nusu kilo ya mchele kwa mtu kwa siku, na jamaa ya watu watano. Kwa siku 14 ni kilo 35. Hizo amekwisha kuzitia garini, na maharagwe juu yake, na maji. Mkononi bado ana dola mia kadhaa, bei ya bunduki ya kawaida. Dola hizo zamnunulia tena kilo 35, na tena, na tena, za kutosha jamaa kadhaa. Gunia la kwanza la nyongeza lakaa vizuri chini ya ngazi, ile ile aliyopanda mara nyingi bila kufikiri.

Hatumzuii kuwa na silaha ya kuwindia au ya kumfukuza mwizi; sheria yake yamruhusu, na dhamiri yake yamhusu. Twamwuliza jambo moja tu kabla hajalipa: katika nyumba ya pili wanakaa watu wangapi? Kama hajui, arudi kwanza akabishe mlango wao aulize. Duka litafunguliwa tena kesho.