Ndala Si Ethi

Wanangu mnaoanza kupanga na ninyi mnaojenga, kuna maneno ninayasikia kila ninapolala kwenye nyumba zenu, nayo hunikosesha raha ya wageni. Mwenyeji ananipeleka bafuni, anawasha swichi ya hita, kisha ananiambia kwa adabu zote: "Babu, vaa ndala, na koki usiishike na mkono uliolowa, huwa inapiga shoti kidogo." Kidogo! Kodi mmelipa ya miezi sita, sebuleni kuna televisheni inayojaza ukuta, lakini mmekubali kuoga na umeme unaowaonja kila asubuhi, na mgeni mnamfundisha namna ya kuukwepa. Shoti hiyo ndogo ni taarifa kwamba umeme unavuja na hauna njia ya kurudi ardhini isipokuwa mwili wa anayeoga. Siku ndala ikichanika, au mtoto akiingia pekupeku, hautakuwa mdogo tena.

Siwazuii maji ya moto. Nimefanya kazi ya umeme huku Mbeya, naijua Juni ya huku, na Makete najua zile asubuhi ambazo majani huamka meupe kwa sakitu. Neno langu ni kwamba mnaanza mwisho. Mnakwenda dukani, mnachagua hita kwa umbo na bei, mnakuja nayo nyumbani, ndipo mnamwita fundi aitafutie waya popote atakapoupata. Kinachotangulia ni ethi, yaani njia ya umeme unaovuja kurudi ardhini, kisha waya, kisha maji yenu ni ya namna gani. Hita ni ya mwisho kununuliwa.

Siku moja zimeni breka kuu, mfungue moja ya shawa za umeme za plastiki, ambazo nyingi hutoka Brazil. Ndani mna raba ya duara, vidole viwili vya shaba, na koili ya waya mwembamba. Maji yakija, msukumo wake unaisogeza raba, vidole vinagusana, umeme unaingia kwenye koili. Sasa itazameni hiyo koili vizuri. Katika shawa nyingi iko uchi, imelala ndani ya maji yaleyale yanayowamwagikia kichwani. Maji ya mto wa mlimani, yenye chumvi kidogo, hupitisha umeme kwa shida. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yale wanayochota wengi Dar es Salaam na mwambao, huupitisha kirahisi zaidi, tena huila koili mapema. Zipo shawa za maji ya chumvi ambazo koili yake imevikwa. Zina bei ya juu kidogo, na kwa mwenye maji ya kisima hizo ndizo za kununua.

Kutoka kwenye shawa hiyo kunaning'inia waya wa kijani wenye mstari wa njano. Huo ndio ethi. Nimepanda dari nyingi nikaukuta umekunjwa na kuzungushiwa tepu, haukuunganishwa popote, kwa sababu fundi aliona maji yanapata moto bila huo. Ni kweli, yanapata moto. Kazi ya waya huo huonekana siku mambo yanapoharibika. Mahali pengine umeunganishwa, ila fimbo yake ya shaba pale nje imeng'olewa usiku ikauzwa kama chuma chakavu, au imepigwa kwenye kifusi kikavu kinachopitisha umeme wakati wa masika tu. Wazee wengine walikuwa wakiufunga kwenye bomba la maji. Hilo lilikuwa na maana kiasi bomba lilipokuwa la chuma na limezikwa ardhini. Leo mabomba ni ya plastiki. Mwambieni fundi apime ethi kwa kifaa, msubiri mwone namba. Juu ya ethi, ongezeni ile breka inayohisi umeme unaovuja na kukata ukifika miliampea 30. Ethi na breka hiyo, vyote viwili. Muuzaji atakayewaambia kimoja kinatosha ana kimoja tu dukani.

Kuhusu waya, hesabu ni ya shule ya msingi. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 24. Waya wa taa ni wa milimita 1.5, wa soketi ni 2.5, na soketi yenyewe ni ya ampea 13. Shawa inataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka, wa milimita 6, breka ya ampea 32, na swichi inayokata nyaya zote mbili. Swichi ya bafuni ikiwa na joto mkiigusa, au plastiki yake imeanza kugeuka rangi ya chai, msingoje moshi.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wenye akili. Jioni watu wote wakiwa wamewasha, umeme wa mtaani hushuka. Volti zikiwa 180 badala ya 230, shawa hutoa kama asilimia 61 tu ya nguvu yake, maji yanakuwa vuguvugu. Kijana anasema hita imechoka, ananunua koili yenye wati nyingi zaidi. Usiku wa manane umeme unarudi 230, na alfajiri mtu akifungua maji, waya uliokuwa ukihema tangu mwanzo unabebeshwa mzigo usiouweza.

Wenye familia kubwa huhamia kwenye boila, yaani hita ya tangi. Sina ugomvi nayo. Kupasha lita 50 kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 kunakula kama uniti mbili na theluthi za LUKU, na koili ya wati 1,500 huchukua saa moja na nusu hivi. Jazeni maji kwanza, mfungue koki ya moto mpaka yatoke bila kukohoa, ndipo muwashe. Koili ikiwaka kavu inaungua. Themostati iacheni kwenye 60, vijidudu vinavyopenda maji ya uvuguvugu visizaliane, lakini changanyeni na ya baridi kabla mtoto hajafika, maana 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.

Chini ya boila, kwenye bomba la maji baridi, pana kivali kidogo chenye mkono, nacho hudondosha maji tangi linapopata moto. Maji yakipashwa hutanuka: hizo lita 50 huongezeka karibu robo tatu ya lita, na ziada hiyo lazima itoke. Nimekuta kivali kimezibwa kwa nguo, kwa gundi, hata kwa nati, eti kinachafua sakafu. Basi fikirini themostati ikwame, maji yapande kupita 100 yakiwa yamefungiwa. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke kwa mkupuo, na maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600. Ukuta wa tofali hauzuii kitu hicho. Wekeni mpira mwembamba upeleke matone kwenye shimo la bafu, na kila mwezi inueni ule mkono kidogo usije ukaganda.

Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesiamu iliyowekwa iliwe na kutu badala ya tangi. Kila baada ya mwaka au miwili itolewe. Ikiwa imebaki kijiti chembamba chenye mabonge, badilisheni. Ni rahisi mno kuliko tangi jipya. Hapohapo msafishe chokaa iliyotuama chini. Fundi asiyeijua fimbo hiyo mpeni chai, mumshukuru, aende zake.

Hita ya jua ni nzuri kwa mwenye paa lake. Jazeni maji alfajiri au jioni tu, kwa maana mirija ya kioo iliyokauka juani hupasuka ikipata maji baridi. Hita ya gesi isifungwe ndani ya bafu lisilo na hewa, wala jiko la mkaa lisiingizwe humo kupasha chumba. Hewa ya sumu inayotokana navyo haina harufu wala rangi, na hulaza mtu asiamke.

Fundi akija, ulizeni leseni yake ya EWURA kabla ya bei. Na ninyi wapangaji, mwenye nyumba akikataa kugharamia ethi, zimeni breka ya hita na muiache imezimwa. Chemsheni maji jikoni, mtangulize ya baridi kwenye ndoo ndipo mmimine ya moto, watoto wakiwa mbali, huku mkitafuta nyumba nyingine.