Mashine na Amana ya Mwili

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), twaingia katika swali lililoletwa darsani kwetu hapa Mathare, nalo halikuwa swali la kushindania maneno.

Mama mmoja ana kijana wa miaka 14 mwenye maradhi ya kisukari, yale yawashikayo watoto na kumlazimu mgonjwa kupigwa sindano ya insulini kila siku ya maisha yake. Kijana huyu ni mchezaji wa mpira. Jioni moja alianguka uwanjani, akatetemeka, akapotewa na fahamu, kwa kuwa sukari ilishuka mno katika damu yake. Mwenyezi Mungu akamnusuru. Tangu siku ile nyumba yao imegawanyika. Baba asema mpira uachwe. Shangazi asema sindano iachwe, kijana anyweshwe kombe. Kaka yake asema ameona katika simu kwamba ziko mashine zimpimazo mgonjwa sukari na kumtia insulini zenyewe, na vijana wa Ulaya wazivaao hukimbia na kuogelea; basi mashine hiyo na itafutwe, nayo ikipatikana hapana tena haja ya kuwa macho.

Mama akauliza: Ni nani katika hawa asemaye kweli? Na je, mtu akikiachia chombo kazi ya kulinda roho aliyopewa na Mola wake, huwa ameitimiza amana au ameitupa?

Kabla ya kujibu yapasa tulijue jambo lenyewe, kwani kuhukumu kitu usichokijua ni mlango wa upotevu.

Katika mwili wa mtu mwenye afya kongosho hutoa insulini, nayo insulini ndiyo ifunguayo njia ya sukari kutoka katika damu na kuingia katika nyama za mwili. Katika kisukari hiki mwili wenyewe huziua chembe zitoazo insulini, na asiyepata insulini hufa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wote wenye maradhi haya mpaka Januari 1922, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, alipodungwa sindano ya insulini mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson. Alikuwa na miaka 14, umri ule ule wa kijana wetu, naye akaishi miaka 13 mingine baada ya hapo. Mwaka uliofuata wagunduzi wa dawa ile, akina Frederick Banting, waliiuza haki ya ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto, na kila mmoja malipo yake yalikuwa dola moja tu. Msomaji na alihifadhi jambo hili, kwani tutalirejea.

Sasa tazama mambo ya mchezo. Misuli ikifanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu. Kongosho la mwenye afya huliona hilo mara moja likapunguza insulini. Lakini insulini iliyokwisha tiwa kwa sindano chini ya ngozi hairudishwi, kama maji yaliyomwagika. Kijana akikimbia baada ya kudungwa, insulini huivuta sukari upande huu na misuli ikaivuta upande huu, akaanguka. Wala hatari haiishi kipenga kinapopulizwa, kwa sababu misuli huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi, na kijana aweza kushukiwa na sukari usiku wa manane hali amelala.

Ama mashine aliyoisema kaka, ni kweli ipo. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kipimo kidogo kibandikwacho mwilini, kisomacho sukari kila baada ya dakika chache. Ya pili ni hesabu iliyotiwa ndani ya chombo, iamuayo kiasi cha insulini. Ya tatu ni pampu itiayo insulini hiyo mwilini. Ya kwanza ya namna hii iliruhusiwa na serikali ya Marekani mwezi wa Septemba 2016, kwa wenye miaka 14 na zaidi. Mwaka 2024 idara ya afya ya Uingereza ilianza kuzieneza kwa wagonjwa wake wa kisukari hiki. Wazazi waliokuwa wakiamka mara tatu kwa usiku kumpima mtoto sasa hulala. Hii ni neema kubwa, na mwenye kuidharau neema hakumshukuru Mpaji.

Lakini kaka hakukisoma kisa mpaka mwisho. Mashine hii yote, kwa akili zake, haijui kwamba leo jioni kijana anakusudia kucheza mpira. Madaktari humwagiza mvaaji aiarifu saa moja au mbili kabla ya mchezo, ili ikubali sukari iwe juu kidogo na itie insulini chache. Katika mashine ile ya 2016, shabaha yake ya kawaida ilikuwa karibu milimoli 6.7 kwa lita, na kwa mchezo hupandishwa mpaka karibu 8.3. Asiyeiarifu mapema huingia uwanjani na insulini iliyokwisha tiwa, na hiyo mashine nayo haiwezi kuitoa. Tena mvaaji hana budi kuchukua sukari mfukoni, na kuangalia kama kibandiko kimebanduka kwa jasho au mrija umeziba. Basi chombo hupima, huhesabu, na hutia. Lakini nia ya kucheza imo katika moyo wa kijana, na hapana ajuaye nia hiyo ila yeye na Mola wake.

Hapa ndipo penye jawabu la swali la mama. Yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba na kumtegemea Mungu, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha afunge kwanza, kisha ategemee. Kufunga kamba hakukuwa ukosefu wa imani. Wala kamba haikumwondolea bedui kazi ya kumjua ngamia wake. Mashine ni kamba. Mwenye kuikataa kwa madai ya kutawakali amekosea, na mwenye kuifunga kisha akalala akidhani kamba itamchunga ngamia, naye amekosea.

Twageukia maneno ya shangazi, na hapa hatutauma maneno. Dua ni ibada, na kumwombea mgonjwa ni katika mafundisho ya dini yetu. Lakini kumwondolea mtoto huyu insulini ukamnywesha maji ya kombe ni kumwua, na kifo hicho huja kwa siku chache tu. Qur'ani imeteremshwa isomwe, ifahamike na ifuatwe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, alitumia kalamu yake kuwaamsha Waislamu wa nchi hizi watafute elimu na waache mambo ya ushirikina. Ni aibu kwetu kwamba leo bado twahitaji kuyarudia. Sayyidna Umar alipopata habari za tauni nchini Sham akarudi na watu wake, Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu kuiendea nyingine ya Mungu yule yule. Maradhi ni kadari, na sindano ni kadari.

Na ikiwa yuko mwenye shaka kwamba insulini hutokana na nguruwe, na ajue kwamba zamani ilitolewa katika makongosho ya ng'ombe na ya nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 imekuwako insulini iliyo sawa na ya mwanadamu, itengenezwayo kwa vijidudu, na za namna hii ndizo zitumiwazo zaidi sasa.

Baba naye twamheshimu, kwani amesema kwa hofu ya mzazi. Lakini tumwulize: Je, mpira ni upuuzi hapa petu? Tangu mwaka 1987, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kimewakusanya watoto wa mabonde haya katika mpira na katika kazi ya kusafisha mitaa yao. Na katika mizizi yake ilitoka Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Mpira umewaondoa wengi katika vichochoro vya chang'aa na bangi. Tena mazoezi ni sehemu ya tiba ya mwenye kisukari, na mwili una haki yake kwa mwenyewe. Kijana akikatazwa mpira hataacha. Atacheza kwa siri na atayaficha maradhi yake. Siri hiyo ndiyo iuayo. Siku atakapoanguka, wenzake watadhani amelewa, watamwacha kando ya njia mpaka roho itoke.

Sasa twasema jambo ambalo hakuna katika nyumba ile aliyelitaja. Baba alisema, shangazi alisema, kaka alisema, na mama akaja kutuuliza. Kijana mwenyewe hakuulizwa. Naye amebaleghe; sala ni juu yake na saumu ni juu yake, na malaika wanamwandikia yeye, hawamwandikii mama yake. Basi vipi tumhesabu kuwa mwenye kuamrishwa katika sala, na tumhesabu mzigo katika mwili wake? Amana hii ni yake. Sisi na mashine sote ni wasaidizi. Kazi ya wazazi ni kumfundisha kuibeba.

Itasemwa: Maneno ni mazuri, lakini mashine hiyo haipo Mathare, na bei yake yashinda mapato ya nyumba nyingi za hapa kwa mwaka. Ni kweli. Wala hatukubali kijana asubiri kucheza mpaka mashine ifike. Tulisema ina jicho, ina hesabu na ina mkono. Vitatu hivi vyaweza kukusanywa kwa watu. Jicho ni kipimo cha tone la damu kabla ya mchezo, katikati na baada yake. Hesabu ni ushauri wa daktari wake, amwambie siku ya mchezo apunguze insulini kiasi gani na ale nini. Akiwa chini ya 5, ale kitu cha wanga kwanza. Akiwa chini ya 4, asicheze mpaka atibiwe. Mkono ni rafiki na mwalimu wa timu wenye kujua hali yake, wenye sukari tayari. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, anywe maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vya sukari, angoje dakika 15, apimwe tena. Akiwa amezimia, asimiminiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali upesi. Usiku wa siku ya mchezo apimwe kabla ya kulala. Na insulini isiachwe chini ya bati lenye joto. Asiye na friji aiweke katika chungu chenye mchanga uliolowa, penye kivuli.

Lakini tahadhari! Haya yasiwe mto wa kulalia wenye mali, wakasema kwamba maskini wana majirani, hawahitaji mashine. Imamu Ghazali aliiweka elimu ya tiba katika fardhi za kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake waliokimbilia mabishano ya fikihi na kuiacha miji bila tabibu Mwislamu. Fardhi ya kifaya isipotekelezwa, dhambi ni ya wote. Kuna mpango wa kuwasaidia watoto wenye kisukari, Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009, na Kenya ni miongoni mwa nchi zake; twaushukuru. Lakini insulini bila ya vijiti vya kupimia ni kisu gizani, na vijiti huisha kabla ya mwezi kuisha. Mgonjwa fakiri ana fungu katika zaka. Sisi, kutoka Eastleigh mpaka Huruma na Kiamaiko, twatumia maelfu kwa pilau ya arusi ya siku moja. Je, misikiti yetu haiwezi kuwa na sanduku la vijiti? Na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, ikumbushwe haki ya watoto hawa, na viongozi wetu waulizwe kila wanapokuja kuomba kura. Wale waliochukua dola moja hawakuwa wa dini yetu. Waliona haifai dawa ya roho iwe mali ya mtu. Mwislamu asiwe nyuma yao.

Basi mama, jawabu letu ni hili. Sindano isiachwe. Mpira usiachwe. Mashine ikipatikana, ivaliwe kwa shukurani. Na kabla ya yote, keti na mwanao umwulize leo anakusudia kucheza saa ngapi, umpe sukari ya mfukoni, umwache aende. Usimfuate uwanjani, wafundishe wenzake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wenye kuzitimiza amana. Wabillahi taufiki.