Mkuyu, Mkindu na Haki ya Asiyezaliwa

Mtu apandaye mti utakaoishi kuliko yeye anafanya tendo ambalo falsafa ya maadili, yaani elimu ya mema na mabaya na sababu zake, huona ugumu kulieleza, kwa kuwa faida kubwa ya tendo hilo humwendea mtu ambaye hajazaliwa, asiye na jina wala ukoo unaojulikana, asiyeweza kuomba kabla wala kushukuru baadaye. Katika mji wa Bunia, ulio kwenye nyanda za juu za Ituri, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, magharibi mwa Ziwa Albert, ugumu huo una sura yake, maana mwenye kiwanja, ambacho wenyeji hukiita parsele, akiamua kuweka kivuli uani mwake, hana budi kuchagua kati ya miti yenye tabia zinazopingana, na miwili kati yake, mkuyu na mkindu, yastahili kulinganishwa kwa sababu kila mmoja unabeba jibu lake kuhusu kile ambacho mtu anadaiwa na wajao.

Kwa jina la mkuyu hapa inakusudiwa mitini ya porini ya Afrika, ndugu wa mtini wa Maandiko, ambayo baadhi yake ndiyo Wambuti wa msitu wa Ituri huichuna magome na kuyaponda yawe nguo. Tunda lake si tunda kwa maana ya kawaida, bali ni kifuko kilichofumba maua mengi madogo ndani yake, na maua hayo hayachavushwi na upepo wala nyuki, bali na nyigu wadogo sana ambao kwa kawaida kila aina ya mti ina wa kwake, hata pasipo nyigu wake mkuyu hautoi mbegu. Ndege, popo na nyani hula matunda yake na kuzisambaza mbegu mbali, na hakuna anayeulizwa anakula kwa ruhusa ya nani. Lakini ukarimu huo una upande wa pili, kwa kuwa mizizi ya mkuyu haitambui mpaka: hupita chini ya ukuta wa jirani, hupasua msingi wa matofali, hutafuta maji hata ndani ya mabomba, na matawi yake hutia giza bustani ya mboga ya mtu ambaye hakuulizwa kama alitaka kivuli.

Mkindu ni mti wa namna nyingine. Huota vigogo kadhaa kutoka shina moja, hukaa mahali pake, na majani yake machanga hutoa ukindu wa kusukia mikeka na vikapu. Ila vijani vya chini vya kila kuti vimegeuka kuwa miiba mirefu kama sindano, hivyo anayetaka kuvuna sharti aje kwa hadhari na panga mkononi. Tena mikindu ni ya kiume na ya kike, kila jinsia na mti wake, kwa hiyo aliyepanda mmoja tu anaweza kungoja miaka asione tunda. Ikiwa mkuyu humpa yeyote bila kuchagua na hudhuru bila kukusudia, mkindu hutoa kwa masharti na haumdhuru ila anayeukaribia ovyo.

Maandiko, jambo la kushangaza kidogo, hayaigawi sifa ya miti hii kama mtunza bustani angeigawa. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mwenye shamba anaulalamikia mtini kwa sababu umekaa miaka mitatu bila tunda huku ukiishika ardhi bure, na mtunza shamba anaomba uongezewe mwaka mmoja. Mti uliozoeleka kwa ukarimu unahukumiwa hapo kwa kipimo cha nafasi unayoichukua, ambacho ndicho kipimo cha mwenye parsele yoyote mjini. Kwa upande wa Uislamu, hadithi iliyopokewa na Ahmad bin Hanbal inamwamuru mwenye mche wa mtende mkononi aupande akiweza, hata kama Kiyama kimekwisha kusimama. Mtende ni wa jenasi moja na mkindu, yaani kundi moja la karibu katika uainishaji wa mimea, na agizo hilo lina uzito wa kifalsafa kuliko linavyochukuliwa katika mawaidha ya kawaida, kwa sababu linamwondolea mpanzi kila faida: hakuna atakayekula tunda lile, hakuna mjukuu atakayekaa chini yake, hakuna hata wakati wa mche kushika mizizi. Kinachobaki ni wajibu mtupu, usiotegemea matokeo. Mtini wa Luka unadaiwa tunda. Mche wa hadithi haudaiwi chochote, na anayedaiwa ni mtu.

Hapa ndipo hoja ya John Mbiti inapohitaji kupimwa. Kasisi huyo wa Kianglikana kutoka Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alidai kwamba fikra za jadi za Kiafrika zina wakati wa pande mbili, uliopo na uliopita, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo katika fikra hizo, isipokuwa yale ambayo mzunguko wa maumbile unayahakikisha, kama mvua na mavuno. Wanafalsafa wengine, miongoni mwao Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga kwa ushahidi wa lugha na desturi za kwao. Lakini mkuyu ni ushahidi wa aina nyingine. Mtetezi wa Mbiti angeweza kujibu kwamba apandaye mti wa miaka mingi hafikirii wajao, bali anajitengenezea ukumbusho, kwa kuwa, kwa mujibu wa Mbiti mwenyewe, aliyekufa huendelea kuwa miongoni mwa wafu-hai maadamu wako wanaomkumbuka kwa jina. Jibu hilo lina nguvu kijijini, ambako mti hutajwa pamoja na babu aliyeupanda. Mjini Bunia jibu hilo halina nguvu hiyo.

Sababu ni historia ya mji. Vita vilivyoanza Ituri mwaka 1999 viliingia Bunia kwa ukali mwaka 2003, hata Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi kilichoongozwa na Ufaransa mwezi Juni mwaka huo. Na tangu mwishoni mwa 2017 machafuko ya eneo jirani la Djugu yamesukuma tena maelfu ya watu hadi kwenye kambi za mjini. Watu walikimbia nyumba zao, wengine wakaingia humo, wengine wakarudi, wengine hawakurudi. Katika hali hiyo anayekaa chini ya mti mara nyingi hajui jina la aliyeupanda, wala pengine hapendi kulijua, na bado kivuli kinamfikia. Wema wa mti umeendelea baada ya kumbukumbu kukatika, jambo ambalo nadharia ya ukumbusho haiwezi kulieleza. Sheria nayo inaongeza neno: kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa nchi ni mali ya Dola, na raia hupewa konsesio, yaani haki ya kutumia ardhi, hata ikiitwa ya kudumu. Mpanzi basi anapanda katika ardhi asiyoimiliki, kwa ajili ya mtu asiyemjua, jambo linalomsogeza karibu na yule mwenye mche siku ya Kiyama kuliko na baba anayeacha urithi.

Hata hivyo, kusema kwamba kwa sababu hiyo mkuyu ndio mti wa haki ni kuharakisha. Zawadi isiyoweza kukataliwa hukaribia kuwa mzigo, na mizizi inayopasua ukuta wa jirani ni mzigo hasa, tena katika mji ambamo ugomvi wa mpaka umewahi kugharimu damu. Asiyezaliwa hawezi kutoa ridhaa, hilo linaeleweka. Lakini jirani amezaliwa, anaishi upande wa pili wa ukuta, na anaweza kuulizwa. Kumtendea mema mtu wa kesho kwa kumdhuru wa leo bila kumuuliza ni kukwepa wajibu ulio karibu kwa kujificha nyuma ya ulio mbali, na wahubiri wa mazingira hawakosi kosa hili. Kwa hiyo mkindu, na miiba yake yote, ndio unaofaa ndani ya parsele, kwa kuwa masharti yake yanaonekana na hauvuki mpaka wake. Mkuyu unastahili viwanja vya kanisa, vya msikiti, vya shule na vya soko, mahali ambapo walio hai wanaweza kukubaliana kwa niaba ya wajao.

Inabaki hali moja ambayo mpanzi haitawali. Mbegu ya baadhi ya mikuyu, ikidondoshwa na ndege kwenye mapengo ya makuti ya mkindu au mchikichi, ambako vumbi na majani makavu vimeoza kuwa udongo, huota huko juu na kuteremsha mizizi hadi ardhini, ikizungushia kigogo wavu. Miti mingi ikizungukwa hivyo hubanwa na kufa. Mimea ya jamii ya mitende hustahimili muda mrefu zaidi, kwa sababu mishipa yake ya maji imetawanyika ndani ya kigogo chote badala ya kukaa chini ya gome, na mara nyingi kinachoiua mwishowe ni kukosa mwanga pindi mkuyu unapoifunika. Mwenye parsele hakupanda mkuyu huo, hakumwalika ndege, wala jirani hakuulizwa; lakini tangu siku anapouona, hawezi tena kudai kwamba jambo halimhusu. Mche ukiwa bado mwembamba huweza kubanduliwa na mizizi yake, ukapelekwa kwenye uwanja wa shule iliyokubali kuupokea. Mizizi ikishafika chini, kuuondoa kunahitaji shoka, na mkindu ulio ndani ya wavu huenda usinusurike.