Usitupe Vidonge kwa Maneno ya Saluni

Mjukuu wangu, juzi usiku ulinipigia simu ukihema, eti umetupa vidonge vya majira kwa kuwa mtu saluni kakwambia vinaleta saratani ya mlango wa kizazi. Na eti siku hizi kuna dawa za homoni za kuikinga, basi utazisubiri hizo. Sikukujibu palepale. Mtu aliyefanya unesi kliniki ya uzazi miaka thelathini hajibu jambo kama hili kwa pupa.

Aliyekwambia hakusema uongo mtupu, ndiyo maana maneno yake yamekuingia. Mkosaji wa kwanza ni kirusi cha HPV, na hilo alilifichua Mjerumani Harald zur Hausen, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Homoni hazileti kirusi, ila hukipalilia kilichokwisha kuingia. Kule Marekani waliwatia panya jeni za kirusi hicho, wakawaongezea homoni ya estrojeni, saratani ikaota. Mwaka 2009 Sang-Hyuk Chung na Paul Lambert wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakawapa panya hao dawa za kuzuia estrojeni, fulvestranti na raloksifeni, na vivimbe vikatoweka. Kazi nzuri sana. Lakini wewe si panya, mama. Raloksifeni huandikiwa wanawake waliokoma hedhi, kwa ajili ya mifupa. Hakuna kliniki itakayokupa ukikinge kizazi.

Sasa vidonge vyako. Anayevimeza miaka mitano na zaidi, hatari yake hufika kama maradufu ya asiyevitumia kabisa. Akiacha inashuka, na baada ya miaka kumi wanakuwa sawa. Tena vidonge hivyohivyo hupunguza saratani ya mifuko ya mayai ya uzazi. Ukitaka kubadili njia, nenda ukazungumze na nesi kwanza. Nimewapokea wengi waliotupa vidonge kwa hofu, wakarudi miezi mitatu baadaye na mimba wasiyoitaka.

Kinachonikera ni kwamba una miaka thelathini na miwili, umezaa, na hujawahi kupima mlango wa kizazi hata mara moja! Nesi anaupaka siki, anangoja dakika moja, palipo na walakini panageuka peupe. Mara nyingi panatibiwa siku hiyohiyo, kwa kugandishwa au kwa joto. Ugonjwa huu hutambaa miaka kumi, kumi na mitano, kabla ya kuwa saratani; muda wa kuuwahi upo. Mwenye VVU hatari yake ni mara sita, naye huanza kupima akiwa na miaka ishirini na mitano. Sikuulizi hali yako, wewe unaijua.

Na huyo binti yako, kitukuu wangu wa miaka kumi? Chanjo ya HPV ilianza Tanzania nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni sindano moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Wanaosema inaua kizazi waulize kwa kitu gani, maana ndani yake hamna homoni, wala kirusi kizima. Ni ganda lake tupu, mwili ujifunze sura ya adui.

Jumatatu nakuja na basi la asubuhi. Tutakwenda kliniki sote watatu; wewe vaa sketi pana na uchukue khanga, foleni nitaishika mimi.