Kupotea kwa Viumbe na Dhima ya Mwanadamu

Huulizwa na vijana waliosoma elimu ya ardhi: ikiwa wanyama wengi waliangamia kabla mwanadamu hajaumbwa, ana kosa gani mwanadamu wa leo akiwamaliza waliobaki? Suali hili linastahiki jawabu, wala halistahiki karipio.

Kwanza na yajulikane yaliyotokea. Wataalamu wa miamba wameigawa historia ya wanyama katika zama tatu: za kale, za kati na za karibuni. Zama za kale zilianza kiasi cha miaka milioni 539 iliyopita, na wanyama wake hapo mwanzo walikuwa wa baharini. Wakaja samaki, kisha wakatokea waliotambaa nchi kavu. Zama hizo zilifungwa kwa msiba uliopita misiba yote. Kiasi cha miaka milioni 252 iliyopita volkeno kubwa zilifumuka Siberia, hewa na bahari zikapata joto, na jinsi nyingi mno za viumbe vya baharini zikatoweka.

Zama za kati zilikuwa za dinosaria. Mifupa yao ilichimbuliwa Tendaguru, katika nchi ya Lindi, baina ya mwaka 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin, ambako kiunzi kimoja kimesimama kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Nao wakaondoka, isipokuwa ndege waliotokana nao, miaka milioni 66 iliyopita, jabali kubwa kutoka mbinguni lilipoanguka Mexico. Ndipo wanyama wanyonyeshao, waliokuwa wengi wao wadogo, walipopata nafasi.

Mkaazi wa Oman hana haja ya kusafiri mbali ili ashuhudie haya. Katika mawe ya chokaa ya Jabal Akhdhar, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, mna mabaki ya viumbe vya baharini. Mtoto apandaye huko na wazazi wake siku ya mapumziko hukanyaga sakafu ya bahari iliyokwisha.

Ama jawabu la suali, ni hili. Kila mtu atakufa, na hakuna kadhi aliyepata kuikubali hoja hiyo kwa muuaji. Wadi ikishuka kwa mafuriko na kuchukua mbuzi mia, haishitakiwi. Mtu akimchinja mbuzi mmoja wa jirani yake hushitakiwa, wala haitomfaa kusema kuwa wadi ilichukua wengi zaidi. Volkeno haina akili wala jabali halina nia. Mwanadamu amepewa vyote viwili, na kwa hivyo akapewa dhima.

Na ikisemwa: ardhi imezoea, itajaza pengo kama ilivyojaza zamani. Kweli, ilijaza, lakini baada ya msiba ule wa Siberia ilichukua miaka milioni kadhaa. Huo ni muhula ambao hakuna mdaiwa awezaye kuuomba. Na hata pengo lilipojazwa, hawakurudi wale wale, walikuja wengine.

Na ikisemwa: wanyama wamewekwa kwa manufaa ya watu. Naam, lakini haki ya kunufaika si sawa na haki ya kumaliza. Mwenye kusimamia shamba la wakfu hula tende zake, lakini hana ruhusa ya kuikata mitende, kwa kuwa nyuma yake wapo wenye haki wasiozaliwa bado.

Mfano wa karibu ni choroa wa Uarabuni, aitwaye maha kwa Kiarabu. Mnyama huyu aliyavumilia majangwa kwa karne zisizohesabika, kisha magari na bunduki vikammaliza kwa muda wa umri wa mtu mmoja. Mwaka 1972 waliuliwa au kukamatwa wa mwisho waliokuwa huru, katika Jiddat al-Harasis. Wachache waliofugwa walizaana, na mwaka 1982 wakarejeshwa nyikani pale pale, wakilindwa na watu wa kabila la Harasis. Wakafikia kiasi cha 450 mwaka 1996. Kisha wakaja majangili, wakiwakamata wazima ili wauzwe, na kufika mwaka 2007 walibaki 65 tu. Hifadhi yao, iliyokuwa imepunguzwa sana eneo, ikafutwa mwaka huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Hapa hapakuwa na volkeno wala jabali. Palikuwa na muuzaji na mnunuzi. Basi mwenye kumnunua mnyama aliyeibwa nyikani ili ampambie shamba lake, asijione kuwa ametoka katika dhima kwa sababu mkono wake haukushika kamba. Lau hapangekuwa na mnunuzi, mwizi asingekwenda jangwani.

Na katika habari hiyo hiyo mna matumaini: mkono uliomaliza ndio uliorejesha. Leo maha wapo tena nyikani katika nchi kadhaa za Bara Arabu. Dinosaria hawakuwa na wa kuwarejesha, na maha wamempata. Hiyo ndiyo tafauti ya zama hizi na zilizopita, nayo ndiyo ataulizwa mwanadamu.

Wallahu aalam.